Uzi: Mgonjwa wa anjina akikwambia "nimeelewa sista", usiandike tiki bado

#1 Sista wa Zamu

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa kumi na moja huu niko kliniki ya moyo hapa Dar. Hospitali siitaji. Kuna jambo nimekaa nalo kifuani muda mrefu, nimeona nilitoe hapa, labda litamfaa mwenye mzazi nyumbani au muuguzi mwenzangu anayeanza.

Nilikuwa na mgonjwa, fundi seremala wa Mbagala, mzee wa sitini na kitu. Daktari alishamthibitishia anjina, yaani kifua kubana kwa sababu moyo haupati damu ya kutosha, akamwandikia dawa za kila siku na vidonge vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Nikakaa naye dakika kumi nzima, ambazo kwa foleni ya pale kwetu ni anasa. Nikamweleza yote. Kila nikivuta pumzi, "Ndiyo sista." "Umeelewa mzee wangu?" "Nimeelewa mwanangu, Mungu akubariki." Nikatia tiki kwenye faili: mgonjwa kaelimishwa.

Mwezi uliofuata karudi, analalamika dawa haifanyi kazi. Sijui nini kilinituma, nikamwambia, "Hebu nionyeshe unavyoitumia." Akatoa mfuko wa nailoni kwenye mfuko wa shati, ndani vidonge vya aina tatu vimechanganyika. Akachambua kimoja, akaomba maji, akakimeza. Nikamuuliza, ukishameza? "Najilaza chali mpaka kipite." Na kuna siku, akasema, kilimbana kuanzia adhuhuri mpaka karibu alasiri, hakutumia hata kimoja, maana alikuwa anazitunza za siku mbaya.

Wakuu, mimi ndiye niliyemfundisha yule mzee.

Kidonge kile kikimezwa, ini linakiharibu sehemu kubwa kabla hakijafika kwenye moyo. Ndiyo maana kinawekwa chini ya ulimi, kinaingia kwenye damu moja kwa moja, nafuu ndani ya dakika chache. Kukitoa kwenye chupa yake ya kioo na kukiweka kwenye nailoni karibu na joto la mwili ni kukiua pole pole, maana nitrogliserini, ndiyo dawa yenyewe iliyo ndani ya kidonge, inapotea kwa joto, mwanga na hewa. Kulala chali, kuna wagonjwa kifua kinazidi kuwabana wakilala. Na kukaa na maumivu saa mbili huku dawa iko mfukoni, hilo sina hata la kusema. Siku mbaya ilikuwa ndiyo ile.

Sasa nafundisha hivi, na nimeacha kabisa kuuliza "umeelewa?" Hakuna mtu mzima wa kwetu atakayemjibu nesi "hapana, sijaelewa". Ni adabu tu. Namwambia hivi: "Baba, mimi huwa naeleza vibaya. Hebu nieleze wewe, kama unamweleza mama nyumbani, kifua kikibana usiku huu mtafanyaje?" Hapo ndipo ninapoijua kazi yangu ilikuwaje. Akikosea, narudia mimi, simkosoi yeye.

Halafu tunaigiza. Nampa punje ya pipi ya tiktaki au chochote kinachoyeyuka, anakaa kwenye kiti, anaegemea, anaweka chini ya ulimi, anatazama saa. Wengine wanacheka. Wacheke tu, mikono itakumbuka.

Ngoja nipumzike, naendelea na maneno yenyewe baadaye.

#2 Mtoto wa Kariakoo

Nimekaa siti ya mbele. Sista usikimbie, malizia.

#3 Tangawizi Asilia

Samahani mleta uzi, asilimia kubwa ya hizo kifua kubana ni gesi na vidonda vya tumbo. Mimi mwenyewe ilinisumbua, nikatumia tangawizi na kitunguu saumu wiki mbili, kwisha. Hospitali mtu akienda na gesi anarudi na moyo.

#4 Sista wa Zamu

Mkuu Tangawizi, sikugombezi, maana nusu ya wagonjwa wangu walianza hapo hapo ulipo wewe. "Chembe cha moyo kinaniuma sista", anashika juu ya tumbo, kanywa dawa za vidonda miezi sita. Wengine kweli ni vidonda. Kuna wengine siyo.

Kwa hiyo siku hizi sianzi na panauma wapi. Nauliza: ulikuwa unafanya nini kilipoanza? Ulifanya nini kikaisha? Vidonda na kiungulia vinafuata chakula, njaa, kujilaza baada ya kula. Anjina inafuata kazi anayofanyishwa moyo. Nina mama mmoja wa Manzese alinipa jibu zuri kuliko kitabu: "Nikipanda lile daraja la waenda kwa miguu, nikifika katikati kifua kinabana kama kuna mtu kakikalia. Nikishika chuma nikasimama kidogo, kinaachia. Nikiendelea, kinarudi." Basi. Kubanwa katikati ya kifua au shingoni, taya, bega au mkono. Kuletwa na kazi au hasira. Kuondoka ukipumzika au ukiweka dawa, ndani ya dakika tano hivi. Ukikuta yote matatu kwa mtu mmoja, tangawizi iache jikoni, mpeleke akapimwe.

Maumivu ya kuchoma kama sindano sekunde mbili, unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole, au yanayozidi ukipabonyeza, mara nyingi si ya moyo. Mwenye anjina haonyeshi kwa kidole, anaweka kiganja kizima au ngumi. Lakini asijihukumu mwenyewe kwa hayo, hasa mwenye kisukari.

Sasa maneno. Ukimuuliza mzee "unaumwa kifua?" atakujibu "hapana". Na hadanganyi! Kwake kuumwa ni kuchomwa, ni kidonda. Hiki anachosikia anakiita kubanwa, kukaza, uzito, "kama nimewekewa gunia la saruji", "pumzi inakata", "mkono unakufa ganzi". Nimewahi kumwandika mtu "hana maumivu ya kifua" na mlangoni wakati anatoka kaniambia, "ila tu sista nikipanda ngazi kinanikaba mpaka huku", kashika taya. Na ukisema "moyo unauma" unajichanganya mwenyewe, maana kwa Kiswahili moyo ukimuuma mtu kaudhiwa au kafiwa. Kwa hiyo kwanza namuuliza yeye anakiitaje. Akisema "kukabwa", mpaka anamaliza kliniki mimi naye tunaita kukabwa. Neno anjina nalimwandikia kwenye kadi, kwa ajili ya daktari mwingine atakayemkuta.

Na tatizo lenyewe naeleza kwa bomba. Moyo nao unakula damu, una mabomba yake madogo. Yakiwa yamejaa mafuta ndani, ni kama bomba la nyumba lenye kutu: ukijaza kikombe hulioni tatizo, fungua bafuni na jikoni kwa pamoja ndipo utajua. Ukikaa, unakuwa umefunga bomba la bafuni. Dawa ya chini ya ulimi inatanua mishipa na kuupunguzia moyo mzigo wa damu inayorudi.

#5 Daktari wa Kata

Hongera sista. Niongeze kidogo tu kwa sababu umenikumbusha darasani.

Huyo mama wa daraja la Manzese amesema alichosema William Heberden mbele ya madaktari wenzake London mwaka 1768: watu wanaobanwa kifua wakitembea, hasa kupanda kilima na hasa wametoka kula, na wakisimama kinapotea. Hakuwa na kipimo chochote, alisikiliza tu. Yeye ndiye aliyeupa ugonjwa jina hili.

Jambo la kuongeza: kipimo cha umeme wa moyo kikifanywa mgonjwa ametulia kinaweza kutoka safi kabisa na anjina ipo. Nimepata wagonjwa waliokwishaambiwa "moyo wako mzima" wakaendelea kubeba ndoo. Kama maelezo yake ni ya daraja la Manzese, karatasi safi isimfunge mtu mdomo. Kuna vipimo vya kumtembeza kwenye mashine, kuna picha za mishipa, na pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wanaingia mpaka ndani ya mishipa yenyewe kuitazama na kuizibua.

Na apimwe wingi wa damu. Upungufu wa damu unaweza kuifanya anjina ndogo ionekane kubwa.

#6 Mwana wa Kivu

Mimi niko Bukavu, Kongo. Samahani, ninauliza: huku kwetu mtu akisema ana "angine", kwa Kifaransa, ni magonjwa ya koo, yale mafindofindo ya watoto. Dada yangu alileta karatasi ya baba kutoka Dar, imeandikwa angina, sisi tukamnunulia dawa ya kusukutua. Kumbe ni moyo??

#7 Daktari wa Kata

Ndugu wa Bukavu, ni moyo. Pole sana, na hamkukosea peke yenu. Neno ni moja, la Kilatini, na ndani yake mna kukaba na kubana. Wafaransa "angine" yenyewe waliiachia koo, ya moyo wanaiita "angine de poitrine", yaani ya kifua. Waingereza wakisema angina hivi hivi wanamaanisha kifua. Mwonyesheni baba kwa daktari wa huko, na mwambieni maneno yote mawili.

#8 Mtoto wa Kariakoo

Dawa ya kusukutua 😂 Mungu anisamehe, siyo cha kuchekesha.

#9 Sista wa Zamu

Ndiyo maana nasema mgonjwa aulizwe kwa maneno yake. Mwana wa Kivu, baba akifika kwa daktari asianze na jina, aanze na kinachomtokea.

Nirudi kwenye kile tunachoigiza. Nitaandika tunavyofundisha sisi. Kama daktari wako kakuelekeza vingine kwa sababu ya hali yako, mfuate yeye.

Kikianza tu, acha unachofanya. Usimalizie safari, usimalizie kufua, usiseme nifike pale kwenye mwembe. Kaa chini, uegemee. Usisimame, maana dawa inashusha presha na unaweza kuanguka. Mdomo ukiwa mkavu, na wazee wengi mdomo ni mkavu, ulowanishe kwa maji kidogo, kisha weka kidonge chini ya ulimi, kiyeyuke. Usimeze. Mwambie mtu aliye karibu. Tazama saa.

Dakika tano zikipita na hakijaachia, au kinazidi, weka cha pili, na hapo hapo gari litafutwe. Vitabu vya zamani vinasema vidonge vitatu ndani ya dakika kumi na tano kabla ya kuhangaika. Wamarekani sasa wanasema piga simu ya dharura cha kwanza kikishindwa, Waingereza wanasema cha pili. Wao wanapiga simu gari linakuja na wataalamu ndani. Mimi nafikiria foleni ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, na nakwambia cha kwanza kikishindwa amsha watu. Ukifika hospitali kimeachia, hakuna atakayekucheka, na akikucheka ni yeye mwenye tatizo. Kuna pia aspirini: kama daktari hajakukataza na haikudhuru, tafuna ya miligramu 300, au zile ndogo za 75 nne, wakati gari linatafutwa. Tafuna, usimeze nzima.

Na jamani, msimpandishe mgonjwa bodaboda akiwa anakabwa. Akizimia atakushikaje?

Nilikuwa na bibi hana saa, na simu hajui kuisoma. Dakika tano atazijuaje? Akaniambia ana tasbihi. Tukaipima na saa ya ukutani: punje zote 99 kwa mwendo wake wa taratibu ilikuwa dakika tano kasoro kidogo. Basi kwake ni tasbihi moja. Sikumfundisha mimi hilo, alinifundisha yeye.

#10 Shemeji wa Tanga

Mashaallah kwa huyo bibi. Sasa sista, na Ramadhani je? Baba mkwe alibanwa saa tisa mchana akakataa kidonge, eti funga itaharibika. Tulikaa naye mpaka magharibi roho mkononi.

#11 Sista wa Zamu

Hili nimekutana nalo mara nyingi mno, nikaenda kuuliza wanaojua. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1997 katika kikao chake cha kumi, na kidonge cha chini ya ulimi kwa anjina kilitajwa chenyewe kati ya vitu visivyoharibu funga, mradi mtu asimeze kinachofika kooni. Mpeleke baba mkwe kwa sheikh wake amsikie yeye, maana mimi ni nesi na wazee hawatoi fatwa kwa manesi. Ila aende Shaabani, asingoje abanwe. Na amwone daktari kabla ya mwezi kuingia, dawa zake za kila siku zipangiwe saa. Aliyebanwa akiwa amekaa tu, au juzi katoka wodini, huyo suala lake si kidonge tena, ni kama afunge kabisa au la.

#12 Mpangishaji wa Sinza

Mama yangu kifua hakimbani akipanda ngazi. Kinambana akidai kodi. Kweli kabisa, wapangaji wakianza visingizio anashika taya na mgongo, anatoka jasho. Mwaka jana ilikuwa taya tu, akang'olewa jino. Jino zima! Likatoka safi halina hata tundu. Hii nayo ni anjina?

#13 Sista wa Zamu

Inaweza kabisa kuwa ndiyo. Apimwe wiki hii, na mwambie daktari habari ya jino, usione aibu. Wanawake, wazee na wenye kisukari wengi hawaji na kifua cha kwenye vitabu. Wanakuja na taya, mgongo, kichefuchefu, pumzi, au uchovu wa ajabu wa mtu aliyekuwa akichota maji bila shida. Mwenye kisukari cha muda mrefu neva zake zinaweza zisimwambie kitu kabisa. Akina mama wanachelewa kuletwa kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya "amechoka tu, ana mawazo".

#14 Daktari wa Kata

Kuhusu kodi: John Hunter, daktari wa upasuaji wa London aliyekuwa na jina kubwa, alikuwa na anjina iliyoamshwa na hasira. Inasemekana alikuwa akisema uhai wake uko mikononi mwa mhuni yeyote atakayependa kumuudhi. Mwaka 1793 alikwenda kwenye kikao hospitalini kwake, St George's, wakabishana naye, akatoka chumbani akafa. Wapangaji wa mama walipe kwa simu, ijulikane hivyo.

#15 Mpangishaji wa Sinza

Nimemsomea. Kasema huyo Hunter alikuwa hana wapangaji wa Sinza. Lakini kakubali kupimwa.

#16 Kimya Kimya

Naomba kuuliza la faragha kidogo. Mtu wa makamo, anatumia hiyo ya chini ya ulimi mara moja moja, na mara moja moja anatumia vile vidonge vya nguvu za kiume vya duka la dawa. Si siku moja. Ni tatizo?

#17 Sista wa Zamu

Asante kwa kuuliza, na umewaulizia wengi. Ni tatizo kubwa. Zote mbili zinatanua mishipa kwa njia moja, zikikutana presha inaporomoka, mtu anazimia, wengine hawaamki. Kama umetumia sildenafili, moja ya hivyo vidonge vya nguvu, saa 24 usiguse nitrati, ndilo kundi la hii dawa ya chini ya ulimi. Tadalafili, ambayo nayo ni ya nguvu, saa 48. Na ukibanwa ndani ya muda huo, kaa chini, nenda hospitali, na useme ukweli mlangoni: nimekunywa kitu fulani saa fulani. Hakuna nesi mwenye akili atakayekucheka, tunachotaka kujua ni tusikuchome nini.

Hata za "asili" zinazouzwa kwenye vichupa, nyingine zimewahi kukutwa zimetiwa sildenafili ndani, kwa hiyo "ni mizizi tu" isikutulize.

Wauguzi wenzangu, hili tulisemeje? Mimi mwanzoni nilikuwa naona haya kumuuliza baba wa watu. Nikawa nalisema mbele ya mkewe kwa mafumbo, mzee anatazama dari, tunaagana. Sasa mke namwomba aende kuchukua dawa dirishani, na mzee namwambia bila kumuuliza chochote: "Baba, wapo wanaume wanaotumia vidonge vya nguvu. Dawa hii haiendi navyo, mtu anakufa. Mwenye swali anipate mimi au daktari wa kiume pale." Wengi hawasemi kitu siku ile. Wanarudi wiki ya pili, peke yao. Na tendo lenyewe halijakatazwa: anayepanda ghorofa mbili bila kubanwa kwa kawaida analimudu. Amuulize daktari wake tu.

#18 Daktari wa Kata

Cha ajabu ni kwamba hiyo sildenafili ilianza kama dawa ya anjina. Watafiti wa Pfizer pale Sandwich, Uingereza, waliijaribu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kifua hakikupata nafuu ya maana, lakini waliojitolea kuijaribu wakaripoti jambo jingine. Marekani ikaidhinisha kwa hilo jambo jingine Machi 1998.

#19 Mtoto wa Kariakoo

Huu uzi unatufikisha mbali.

#20 Jirani wa Nakuru

Niko Nakuru, Kenya. Mambo mawili. Babangu alipewa ile ya kunyunyiza chini ya ulimi, lakini inamuumiza kichwa sana, akaiwacha. Pili, ana kidonge kingine cha nitrati cha kumeza, ameandikiwa asubuhi na saa nane mchana. Mimi nikaona hao wamekosea, dawa ni kila baada ya saa kumi na mbili, nikawa nampa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Nimesoma uzi huu nikaanza kuogopa.

#21 Sista wa Zamu

Jirani, hawakukosea. Mwili unaizoea nitrati haraka, ukiwa nayo ndani usiku na mchana inaacha kusaidia. Ndiyo maana cha pili kinaletwa karibu mchana, usiku mwili upumzike nayo uisahau. Rudisha saa nane. Hukufanya kosa la kipumbavu, hakuna aliyekueleza sababu, na mtu asipopewa sababu anajitengenezea yake.

Kichwa: ni mishipa ya kichwani nayo inatanuka. Panado inasaidia, na wengi kinapungua baada ya muda. Mwambie hiyo ni dalili dawa imefika. Ikimsumbua mno daktari apunguze dozi, lakini asiikatize mwenyewe bila daktari.

Kingine, kama kati ya dawa zake kuna atenololi au bisoprololi, zile za kupunguza mapigo ya moyo, hizo zisikatwe ghafla hata siku akijisikia mzima kama kijana. Nimepokea mtu aliyeziacha kwa sababu "nimepona". Zikikatwa ghafla anjina inaweza kurudi kwa kishindo. Zikibaki za wiki moja, hiyo ndiyo siku ya kwenda dukani.

#22 Binti Makete

Sista, baba yangu yuko Makete na huu ni mwezi wa saba, baridi unaijua. Anakula ugali asubuhi na mapema halafu anapanda kwenda kwenye viazi. Anasema kinambana pale pale kwenye mti mmoja kila siku. Wiki hii kasema kinambana kabla hajafika kwenye mti. Dawa anazo. Nimwambieje, mimi niko Dar?

#23 Sista wa Zamu

Binti, hayo ya mwisho yameniamsha kwenye kiti.

Mti ule ule kila siku, hiyo anjina imetulia, unaishi nayo ukiipangia. Kabla ya mti ni nyingine. Ikibadilika, ikaja kwa kazi ndogo zaidi, ikaja mara nyingi zaidi, ikakaa muda mrefu, au ikamwamsha usingizini, au ikamjia amekaa tu, hiyo haingoji tarehe ya kliniki. Aende hospitali kesho asubuhi, na asiende kwa miguu. Ikimjia leo akiwa amekaa na isiachie kwa kidonge, ni leo hii usiku. Mpigie sasa hivi, uzi huu hauhami.

Akisharudi, ndipo mzungumze ya baridi na ugali. Baridi inabana mishipa, tumbo lililojaa nalo linadai damu yake, na mlima juu yake. Ale kidogo, akae nusu saa, jua litoke, afunge skafu mdomoni, aanze pole pole. Kuna wanaoweka kidonge dakika chache kabla ya mlima unaojulikana. Amuulize daktari kama na yeye inamfaa. Kutembea asiache, kumkalisha kitini mwaka mzima si tiba.

Na tafuta mjukuu wa darasa la tano amwekee daftari: tarehe, alikuwa anafanya nini, kilikaa dakika ngapi, kidonge ngapi. Wewe umejua mti umesogea kwa sababu ulisikiliza. Daftari linasikiliza siku ambazo hujapiga simu.

#24 Binti Makete

Wapendwa, nimerudi baada ya siku sita. Baba alipelekwa, wakamlaza siku tatu, dawa zimebadilishwa, amepewa rufaa kuja Dar mwezi huu. Ahsanteni wote, sista Mungu akuweke.

Jana nikafanya kama ulivyosema. Nikampigia, nikamwambia baba mimi huwa sielewi, hebu nieleze utafanyaje kikibana usiku. Akaeleza vizuri kabisa: naacha, nakaa, nalowanisha mdomo, naweka chini ya ulimi, mjukuu anatazama saa ya simu. Nikafurahi sana. Nikauliza, na chupa iko wapi baba?

Iko kwenye sanduku. Sanduku limefungwa kwa kufuli ili watoto wasichezee. Ufunguo uko kwa mama. Mama yuko Njombe kwenye msiba mpaka Jumapili.

#25 Sista wa Zamu

Hilo swali la chupa iko wapi sikuwa nalo kwenye orodha yangu. Kuanzia Jumatatu nalo ni langu.

Avunje kufuli.

#26 Binti Makete

Kasema kufuli lile ni zuri. Nampigia shangazi aende na nyundo.